Vipele vinavyofanana na chunusi wakati wa matibabu ya saratani: vitunzwe vipi?

Swali, kutoka kwa Subira

Habari zenu, ndugu zangu. Mume wangu anatibiwa saratani ya utumbo mpana kwa dawa ya setuksimabu pamoja na kemotherapi. Muda mfupi baada ya kuanza, uso wake, kifua na sehemu ya juu ya mgongo vilijaa vipele vyenye usaha, ingawa hakuwahi kuwa na chunusi hata alipobalehe. Vinamwasha, vinamuuma, na sasa hataki kuonana na wageni. Baadhi ya jamaa wanatushauri tununue dawa ya chunusi yenye benzoili peroksaidi, na wengine wanasema dawa ya saratani imemkataa, hivyo aiache. Kabla hatujachukua hatua yoyote, naomba anayefahamu anieleze vipele hivi ni nini na vinatunzwaje.

Jibu, Muuguzi wa wodi ya saratani

Pole sana, dada Subira, na umfikishie mumeo pole zangu. Hizo si chunusi, na hilo ndilo jambo la kwanza la kuwaeleza jamaa. Setuksimabu huziba kipokezi kilicho juu ya seli, ambacho seli za saratani hukitumia kupokea ishara za kukua. Lakini seli za ngozi na za vinyweleo hukitegemea kipokezi hichohicho ili zijijenge upya. Kinapozibwa, ngozi huwa nyembamba na kavu, kisha huvimba kuzunguka vinyweleo na kutoa usaha ambao mwanzoni kwa kawaida hautokani na vijidudu. Chunusi za kawaida huanzia kwenye mafuta yaliyoziba vitundu vya ngozi, na ndiyo maana dawa zake hukausha. Ukiikausha ngozi ambayo tayari imekauka, unaiongezea maumivu. Basi benzoili peroksaidi aiache, na vipele asivikamue.

Aghalabu vipele hivi hutokea katika wiki 2 za mwanzo, huzidi kati ya wiki ya 2 na ya 4, halafu hupungua taratibu, japo ukavu hubaki na baadaye ngozi ya pembeni mwa kucha inaweza kuvimba. Daktari hupima ukali wake kwa kuangalia eneo lililoathirika, iwapo ni chini ya asilimia 10 ya mwili, kati ya 10 na 30, au zaidi ya 30, na pia kwa kuangalia jinsi vinavyomzuia mgonjwa kufanya shughuli zake. Vikizidi, yeye ndiye atakayeamua kuahirisha dozi au kuipunguza kwa muda. Mgonjwa asiache dawa kwa ushauri wa jamaa, hata kama wanamtakia mema.

Jibu, Faraja

Dada, mimi natumia elotinibu kwa ajili ya saratani ya mapafu, nayo huleta vipele vya namna hiyo. Kilichonisaidia zaidi ni kuoga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kujikausha kwa kuipapasa ngozi bila kuisugua, na kupaka krimu nzito isiyo na spiriti wala manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Jua huvichochea sana, kwa hiyo avae kofia pana na apake krimu ya kukinga jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri na mtu anaweza kudhani ni jambo dogo. Mwangalie kwa kugusa, na mwulize anavyojisikia. Madoa meusi yatakayobaki hufifia polepole, na krimu za kung'arisha ngozi hazifai kabisa katika kipindi hiki.

Kuhusu wageni, mwambie ninamwelewa. Uso ndio unaosalimiana na watu, na kuuona umebadilika huumiza kuliko wazima wanavyodhani. Amweleze daktari hilo pia, kwa sababu ni sehemu ya ugonjwa.

Subira

Ahsanteni sana, nimemsomea yote. Je, ipo dawa ambayo daktari anaweza kumwandikia?

Jibu, Mfamasia

Ndiyo, na mara nyingi huanzishwa hata kabla vipele havijatokea. Kwa kawaida ni krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 pamoja na antibayotiki ya kumeza kama doksisaiklini, ambayo hapa hutumika zaidi kwa sababu hutuliza uvimbe. Akiandikiwa doksisaiklini, aimeze kwa maji mengi akiwa ameketi wima, asiichanganye na maziwa wala vidonge vya madini ya chuma, na azidi kujikinga na jua, kwani nayo huifanya ngozi iungue upesi. Mtajieni daktari dawa zote anazotumia. Deksamethasoni, inayotolewa mara nyingi kuzuia kichefuchefu cha kemotherapi, nayo inaweza kuleta vipele vinavyofanana na hivyo.

Vipele vikianza kutoa majimaji, kufanya magamba ya manjano au kuuma upande mmoja tu, huenda vijidudu vimeingia, na vinahitaji kuonwa mapema. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, pigeni simu hospitalini saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu kemotherapi hupunguza kinga ya mwili.