Kikundi cha Familia: Kuhusu Matibabu ya Baba Salma

Mama Mkubwa: Assalamu alaykum wanangu. Baba Salma ameniruhusu niwaeleze kwamba tangu ile ajali ya basi hajapanda gari lolote, usiku hushtuka akipiga kelele, na sasa hospitali imemwandikia barua aende kwa mwanasaikolojia tiba. Ningependa kujua huyo ni mtaalamu wa namna gani kabla hatujamkabidhi kijana wetu.

Mama Yusra (nesi): Wa alaykumu salaam, shikamoo Mama. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari kwanza ndipo akabobea, na huandika dawa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa; yeye husomea saikolojia, kisha shahada ya uzamili, ambayo hata Muhimbili ipo, na katika masomo hayo hukaa na wagonjwa huku mkufunzi akimsimamia. Baba Salma ana haki ya kumuuliza amesomea wapi, nani alimsimamia, na anatumia tiba gani kwa watu wenye kiwewe. Mtaalamu wa kweli hakasirishwi na maswali hayo.

Baba Mdogo: Marahaba kwa niaba ya Mama, yuko jikoni. Mwanangu, sisi hapa tumekataza mtu yeyote asiitaje ajali mbele yake, ili asahau. Je, huyo mtaalamu hatamtonesha kidonda?

Mama Yusra: Nia yenu ni njema, Baba, lakini kukwepa ndiko kunakoilinda hofu. Aliyelieleza jambo hili vizuri ni Edna Foa, mwanasaikolojia tiba aliyezaliwa Haifa mwaka 1937, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 1970, na baadaye akafanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akiwatibu wanawake waliobakwa na, baadaye, wanajeshi waliotoka vitani. Mwaka 1986 yeye na Michael Kozak waliandika kwamba hofu hukaa kwenye kumbukumbu pamoja na maana ambazo mtu amezishika, kwa mfano kwamba kila gari ni kifo au kwamba yeye ameshavunjika kabisa. Maana hizo hazibadiliki mpaka kumbukumbu iamshwe mahali salama na mtu ajionee mwenyewe mambo yanayozipinga.

Mama Mkubwa: Nimerudi. Kwa vitendo wanafanyaje?

Mama Yusra: Kwa kawaida ni vikao 8 hadi 15, kila kimoja kama dakika 90. Wanaandika pamoja orodha ya mambo anayoyakwepa na kuyapa alama kuanzia 0 hadi 100: kusimama stendi huenda ikawa 35, kukaa ndani ya basi lililozimwa injini 50, safari ya usiku 100. Anaanza na yale ya chini, na habanduki mahali hapo mpaka hofu ianze kushuka yenyewe. Katika kikao hufumba macho akasimulia ajali kana kwamba inatokea sasa hivi, harufu ya mafuta, kelele, kila kitu, kisha huirudia tena na tena. Sauti hurekodiwa aisikilize nyumbani kila siku. Wiki za mwanzo ni nzito, nanyi mtamwona amechoka.

Baba Mdogo: Kwangu mimi huo unakaribia kuwa ukatili.

Mama Yusra: Ungekuwa ukatili kama angelazimishwa, Baba. Anaelezwa sababu ya kila hatua na hakuna inayoanza bila ridhaa yake. Na kama mtu ana mawazo ya kujidhuru, mtaalamu hushughulikia hilo kwanza. Ninachoomba kwenu ni kwamba akitaka kwenda stendi, msimzuie kwa huruma.

Mama Mkubwa: Nimeelewa. Baba Mdogo atamsindikiza Jumatatu, kwa miguu, kwa kuwa kliniki si mbali.

Baba Mdogo: Nitamsindikiza, na nitakaa nje. Maswali yale atauliza mwenyewe.