Wauza rimu na tairi mnaojibu "itaingia tu", gari iliyoshushwa mnaijua au mnabahatisha?

Wakuu, hivi muuzaji wa rimu anayeulizwa ET (namba inayoonyesha rimu itakaa ndani au nje kiasi gani chini ya fenda) akajibu "hizo ni inchi 18 mkuu, kali sana" anauza nini hasa? Nauliza kwa hasira na mtanivumilia, kwa sababu nimechoka kuona watu tunauziwa mbuzi kwenye gunia halafu tukilalamika tunaambiwa kosa ni letu, tumeshusha gari.

Nianze na langu. Gari ilitoka kiwandani na tairi 205/55R16 (upana milimita 205, ukuta wake asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16) kwenye rimu ya 7J, yaani upana wa inchi 7, ET45. Imeshushwa milimita 40 kwa koilova (shokapu na springi za kurekebisha kimo cha gari). Haya yote nilimwandikia muuzaji kabla hajapokea hela, na meseji ninazo. Nikamuuliza swali moja tu: kwa gari hii, ilivyo chini hivi, nichukue rimu gani na tairi saizi gani? Akaniletea seti iliyokwisha kufungwa na kubalansiwa: rimu 8.5J ET35, tairi 235/40R18. "Itaingia tu, tumefunga nyingi."

Na kweli iliingia. Nati zilikaza, gari ikasimama, ikapendeza. Ila ukipanda tuta nyuma inakwangua. Ukipakia watu wazima wawili nyuma haikwangui tena, inakata kabisa: mdomo wa fenda unachonga bega la tairi mpya. Mbele ukikunja usukani mpaka mwisho unasikia plastiki ya ndani ya fenda ikilia. Ndiyo maana ya kuingia hiyo?

Sasa ngoja nimfanyie hesabu ambayo yeye, mwenye duka, hakuifanya. Rimu ya 7J ina upana wa milimita 178 kati ya midomo yake. Nusu yake ni 89. ET45 maana yake uso wa rimu unaokaa kwenye habu (kitovu ambacho rimu inafungwa) umesogea milimita 45 kutoka katikati ya rimu kuelekea nje ya gari. Kwa hiyo mdomo wa nje wa rimu ya kiwandani uko milimita 44 kutoka kwenye habu. Rimu ya 8.5J ina milimita 216, nusu ni 108, toa 35 inabaki 73. Yaani rimu peke yake, tairi bado sijaigusa, imetoka nje kwa milimita 29! Upande wa ndani nako imesogelea shokapu kwa milimita 9. Juu ya hapo weka tairi ya 235 iliyo pana kuliko ya zamani, na kimo chake ni milimita 645 badala ya 632, kwa hiyo kutoka katikati kwenda juu imeongezeka karibu milimita 7. Na fenda yenyewe imeshuka 40. Hapo hata mtoto wa shule ya msingi angeona kuna kitu kitagusana na kitu.

Nikampigia. Ushauri wake? "Weka spesa ya milimita 10 mkuu, itaacha kugusa."

Spesa, kile kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu! Tairi inagusa fenda, upande wa nje, na dawa yake ni kuisukuma nje zaidi! Spesa ya 10 inaigeuza ET35 kuwa ET25, rimu inafika milimita 39 nje ya pale kiwanda kilipoiweka. Spesa inasaidia pale rimu inapogusa shokapu au kaliperi ya breki kwa ndani. Mtu anayetoa ushauri wa namna hii hajui hata ET inaelekea upande gani, na ndiye unayemkabidhi uamuzi wa kitu kinachoishikilia gari barabarani. Nilipomwambia hivyo akabadilisha wimbo: eti gari yangu "iko chini sana", nipeleke gereji wakunje fenda. Kukunja mdomo wa fenda ni kazi halali, wengi wanafanya na mimi siipingi, lakini ni uamuzi wa mwenye gari aliyepanga hivyo tangu mwanzo. Siyo kiraka cha kufunika uzembe wa muuzaji.

Halafu kuna kalkuleta za tairi za mtandaoni. Sizichukii, zinafanya kazi moja vizuri: zinalinganisha kimo. Unaweka 205/55R16, unaweka 235/40R18, inakwambia tofauti ni asilimia 2.1, rangi ya kijani, hongera, uko ndani ya ile asilimia 3 ambayo kila mtu ameikariri. Muuzaji wangu alinitumia picha ya kijani hiyo kama ushahidi! Lakini hiyo kijani inahusu spidomita na gia, basi. Tairi ikiwa kubwa zaidi, spidomita inasoma chini ya mwendo halisi, na Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko gari inavyokwenda, ndiyo maana za kiwandani huwa zinazidisha kidogo. Vizuri kujua. Lakini kalkuleta nyingi hazijui gari yako iko chini kiasi gani, mdomo wa fenda uko wapi, wala shokapu inaishia wapi. Zipo zinazokuruhusu kuweka J na ET, na hizo ni bora mara kumi, ila nazo zinachora gari iliyosimama.

Na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Ushauri wote tunaopewa ni wa gari iliyoegeshwa. "Vidole viwili vinapita? Basi." Vidole viwili vinapita gari ikiwa tupu, iko sakafuni pa gereji, usukani umenyooka! Gari ikitembea tairi inapanda ndani ya fenda, na kwa gari iliyoshushwa safari hiyo inaanzia juu zaidi. Swali la maana ni tairi inafika wapi shokapu inapogota kwenye ile raba yake ya mwisho. Kama raba na shokapu ni za kiwandani na umebadilisha springi tu, mwisho wa safari ni uleule uliokuwepo, ila sasa utaufikia mara nyingi. Kama umeweka shokapu fupi, au fundi aliikata raba "ili gari iwe laini", tairi inaweza kupanda mpaka mahali ambapo waliochora gari hiyo hawakuwahi kuifikiria. Magari mawili ya aina moja, yote yameshushwa milimita 40, moja inakwangua nyingine haikwangui, na sababu ni hiyo raba. Nani kati ya wauzaji wetu amewahi kukuuliza habari za raba?

Kipimo cha kweli hakihitaji mashine ya ajabu. Toa springi, rudisha shokapu bila springi, funga tairi, kisha inua upande huo kwa jeki, ukiisukumia habu juu mpaka raba igote. Hapo kunja usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, uangalie kila kona. Nyuma, inua upande mmoja peke yake na mwingine ubaki chini, kwa sababu kwenye kona na kwenye mashimo ekseli haipandi sawasawa. Ni kazi ya kuchosha, nakubali. Lakini duka linalosema limefunga nyingi lingekuwa limeshafanya hivi hata kwa gari moja na kuandika vipimo ukutani.

Tena kushusha kwenyewe kunabadilisha mkao wa tairi. Gari nyingi zikishuka, tairi inalala ndani kwa juu, na hilo linaweza kukusaidia kidogo kukwepa fenda. Ndiyo maana jamaa wanapachika picha humu: "Mimi natumia 245, haigusi." Mkuu, tairi yako imelala kiasi gani? ET ngapi? Fenda umekunja? Nyuma huwa unapakia mtu? Hakuna jibu, kuna picha tu, gari imeegeshwa, jua linazama nyuma yake. Na kama hukufanya alaimenti (kurekebisha mwelekeo wa tairi) baada ya kushusha, tairi za mbele zinakuwa hazitazami kunakotakiwa, upande wa ndani unaisha kashata mpaka waya zinaonekana huku upande wa nje bado mpya. Watu wanalaumu tairi kumbe ni alaimenti.

Kundi jingine linaloniudhi ni la "vuta tairi". Rimu imezidi upana? Basi valisha tairi nyembamba, ivutike, bega lirudi ndani, fenda ipone. Kwenye rimu yangu ya 8.5J nimeshauriwa humuhumu niweke 205/40R18. Haya tusome namba. Saizi hiyo watengenezaji huipa rimu ya 7J hadi 8J, kwa hiyo 8.5J iko nje ya mpaka. Ukishuka upepo kidogo ukakutana na shimo, mdomo wa tairi unaweza kuachia rimu. Lakini kibaya zaidi ni ile namba ndogo ambayo hakuna anayeitazama. 205/55R16 yangu ya kiwandani imeandikwa 91V: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, V ni mwendo wa mpaka kilomita 240 kwa saa. 205/40R18 unaikuta na 86, ambayo ni kilo 530. Umepoteza kilo 85 kwa kila tairi, 340 kwa gari nzima, na gari haijapungua uzito hata kidogo. Imeongezewa rimu nzito tu. Halafu siku tairi inapasuka na familia ndani, tunasema ni bahati mbaya.

Hata 225/40R18, ambayo ndiyo watu wengi huhamia kutoka 205/55R16, ina mtego wake. Kimo ni 637, tofauti haifiki asilimia 1, safi kabisa. Lakini ipo ya 88 (kilo 560) na ipo ya 92 XL, ile iliyoimarishwa ibebe zaidi (kilo 630). Zimekaa rafu moja, saizi ileile, bei tofauti kidogo, na muuzaji atakupa ile ya bei ndogo bila kufungua mdomo. Kwa gari inayodai 91, ya 88 haitoshi. Na XL nayo inataka upepo zaidi ili ibebe huo mzigo wake, kwa hiyo yule wa pampu anayejaza "ya kawaida" kwa kila gari ajulishwe.

Jambo jingine, kwa haraka: 225 ya kampuni hii siyo 225 ya kampuni ile. Upana ulioandikwa hupimwa kwenye rimu maalumu, ukiweka rimu iliyo pana zaidi kwa nusu inchi tairi inatanuka kama milimita 5, na kuna zenye bega la mraba na zenye bega la duara. Kama umebakiza milimita 4 kwenye fenda, hizo zote zinakuhusu. Tundu la katikati la rimu nalo: likiwa kubwa kuliko habu, dai pete zake, maana rimu isiyokaa katikati itatetema hata uibalansi mara mia.

Nilipofika sasa. Rimu nimekataa kubaki nazo na muuzaji amekataa kurudisha hela, eti "zimeshatembea". Zimetembea kwa sababu wewe ulisema zitatembea! Meseji yangu yenye vipimo vyote iko pale, na jibu lako liko chini yake. Kama kuna mwanasheria humu anayejua namna ya kulisukuma hili, njoo PM.

Kwa upande wa rimu mpya, hesabu zangu zinanipeleka 8J ET45. Hiyo inatoka nje karibu milimita 13 na kuingia ndani milimita 13 kulinganisha na ya kiwandani, kwa hiyo wasiwasi wangu umehamia kwa ndani, kwenye shokapu. Tairi ni kati ya 225/40R18 92 XL na 215/40R18. Ya pili kimo chake ni 629, inakaa vizuri zaidi chini ya fenda, lakini nyingi nilizoona ni 89, kilo 580, na kibandiko cha mlangoni kinadai 91. Naegemea 225.

Mwenye gari iliyoshushwa kati ya milimita 35 na 45, yenye 8J ET45 na 225/40R18, naomba aniambie amebakiza nafasi gani kati ya tairi na mguu wa koilova mbele, na nyuma kunatokea nini akipakia watu watatu. Aweke J, ET, kampuni ya tairi, na aseme kama fenda imekunjwa. Picha siitaki.