Eti "hiyo gari haina kiu"! Yule wa maikrofoni kanidhalilisha

Wakuu, nimetoka mnadani sasa hivi, viatu bado vimelowa. Simtaji mtu. Yule wa maikrofoni mnamjua, na kile kicheko chake mnakijua.

Tangazo lilisema MG TD (kile kigari cha michezo cha zamani cha Waingereza), nakala, "haijathibitishwa, inauzwa kama ilivyo". Nikadhani hakuna aliyethibitisha mwendo wake. Kumbe hakuna aliyethibitisha kama ni gari! Nikanyoosha mkono mara tatu, na ile ya tatu nahisi nilikuwa najipandia bei mwenyewe. Nyundo ikagonga.

Sasa sikilizeni. Gari lililolala muda mrefu huliwashi kabla ya kuangalia maji, hata mtoto anajua. Nikachukua kidumu cha lita tano, nikafungua kile kifuniko cha kromu juu ya grili, nikaanza kumimina. Namimina, lenyewe linapokea tu. Nikasema moyoni, maskini, kumbe lilikuwa na kiu. Ndipo soksi zikaanza kuhisi baridi.

Na yule bwana, kwenye spika, mbele ya watu wa kujaza harusi tatu: "Mzee! Hiyo gari haina kiu!"

Watu hoi. Kuna mama ilibidi akalishwe chini apepewe.

Nikafunua ile boneti ndefu: tangi la mafuta na upepo. Injini iko nyuma, ya Volkswagen Beetle, inapozwa kwa hewa, rejeta haina habari nayo. Ikawashwa, ikalia kama cherehani yenye mafua. Hilo nasamehe. Faiba imepasuka mlangoni, nasamehe. Usukani unazungusha kwanza, tairi zinapata taarifa baadaye, nasamehe. Lakini ALINIONA na kidumu! Akaniacha nimalize lita zote tano ndipo akashika maikrofoni! Haina kiu! Mtu mzima na ndevu zangu!

Spana_Kumi: Tupia picha ya soksi mkuu, vinginevyo ni chai.

FundiKimya: Pole mkuu, ila umejitakia. TD ya kweli ilikoma kutengenezwa 1953, injini yake ya 1250 cc iko mbele, bodi ni chuma juu ya fremu ya mbao. Ungeenda na kisumaku cha mlango wa friji tu, kwenye faiba hakishiki. Ila usijione mjinga peke yako: hata TF, iliyotoka kiwandani baada ya TD, kile kifuniko cha mbele ni pambo. Maji unajazia chini ya boneti.

Mleta uzi: Niende mnadani na sumaku kama naokota misumari? Halafu silalamikii injini. Nalalamikia MAIKROFONI. Alinisubiri nimalize!

Kidumu_FC (amejiunga leo): Haina kiu.

BibiKlachi: Wewe ulichekwa bure. Mimi nilinunua "Lamborghini" ya faiba juu ya Pontiac Fiero, kigari cha Kimarekani tu, nikashangilia, nikakumbatiana na nisiowajua. Kisha wakaniletea ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo. Yaani nilipie na heshima ya kupigwa!

MtuWaNyundo: Ada ipo kwenye masharti, bibi. Muwe mnasoma.

BibiKlachi: Yameandikwa kwa herufi za sisimizi, nisome na nini?

Spana_Kumi: Ada si kitu. Mimi nilitozwa siku mbili za kulihifadhi gari, na waliopoteza ufunguo ni wao.

MtuWaNyundo: Ufunguo gani? Hizo si mnawasha kwa bisibisi?

BibiKlachi: Usinikumbushe bisibisi. Yangu ilibaki pale pale mnadani, seti nzima.

Mleta uzi: Wakuu, mada ni lita tano na maikrofoni.

Spana_Kumi: Bibi, seti ilikuwa na mpini mwekundu? Kuna jamaa pale anauza kama hiyo.

BibiKlachi: MWEKUNDU! Nina kitambaa nimefunga kwenye ile ndogo!

FundiKimya: Mleta uzi, kile kifuniko cha kromu utakiuza? Nina TD ya kweli, changu kilidondoka barabarani.

Mleta uzi: Njoo inboksi.

Kidumu_FC: Aje na maji?