Hija mwaka huu, au niezeke nyumba kwanza?

Mkazi wa Ngamiani, Tanga: Assalaam alaikum. Nimejaaliwa akiba inayotosha gharama za Hija, lakini nyumba ninayojenga imesimama kwenye linta, na fundi ananihimiza niezeke kabla ya masika. Je, kuiahirisha Hija ni dhambi?

Jirani wa Makorora: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi hapa pwani, mwenye uwezo anaruhusiwa kuchelewesha, mradi ameazimia kwa dhati na hachelei kuzuiwa na maradhi au kufilisika. Ila akifa kabla ya kwenda, hubeba dhambi, na atahijiwa kutoka katika mali yake kabla warithi hawajagawana. Wahanbali, wafuasi wa madhehebu mengine, wamekaza zaidi: kwao ni kwenda mara tu uwezo unapopatikana. Tena, makazi ya lazima hutangulizwa katika kuuhesabu uwezo wenyewe, kwa hiyo tueleze: familia inalala wapi sasa?

Mzee wa Chumbageni: Mwanangu, bati linaweza kungoja vuli. Asiyesimama kwenye uwanda wa Arafa tarehe 9 Mfunguo Tatu (mwezi wa Dhulhija), au usiku wake kabla ya alfajiri ya tarehe 10, Hija ya mwaka huo imempita, hata awe ameshafika Makka. (Bei ya bati nayo haishuki, nakubali.)

Mkazi wa Ngamiani: Shukrani, wazee wangu. Tunaishi nyumba ya urithi, na nafasi ipo. Kesho nitamuuliza wakala siku ya mwisho ya kulipia.