Mti wa miiba nyuma ya shamba la mama, Kilwa: ndio Erythrina schliebenii?

mkulima_kilwa
Wakuu, habari za kazi. Nyuma ya shamba la mama kuna kipande cha msitu, na ndani yake mti tunaouita mwamba ngoma. Shina limejaa miiba minene. Mwezi wa tisa ulipukutisha majani yote, ukabaki maua mekundu matupu. Jumamosi nimeokota chini yake mbegu tatu, nyekundu zenye jicho jeusi, nimezihifadhi kwenye kisanduku cha kiberiti. Nasikia huku kwetu kuna ndugu wa maharage aliyedhaniwa katoweka. Ndio huu? Jirani anautaka kwa mkaa.

mtunza_hebaria
Ndugu yangu, mwombe jirani asubiri. Unaousikia ni Erythrina schliebenii, familia moja na maharage na kunde, wenye jina la Schlieben, Mjerumani aliyekusanya mimea Lindi miaka ya 1930. Mwaka 1998 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, waliuandika kuwa umetoweka. Mwaka 2001 ukaonekana kwenye kimsitu kidogo, na 2008 kimsitu chenyewe kikafyekwa kupisha mazao ya kutengenezea mafuta ya nishati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaupata tena baadaye, miti iliyokomaa ilikuwa haifiki 50. Mti mmoja ukiingia tanuri la mkaa ni hasara kubwa mno.

Ila jina la mwamba ngoma halitoshi, linabeba spishi zaidi ya moja. Pwani ipo pia Erythrina sacleuxii, yenye jina la Padre Sacleux, yule wa kamusi ya Kiswahili. Miiba na wekundu visikudanganye. Tazama kikombe cha ua, kile kifuniko cha nje cha tumba, namna kinavyopasuka ua likichanua. Msimu umepita, basi kwa sasa piga picha ganda la mbegu na jani, juu na chini. Mti ukichanua tena, bana kitawi chenye maua kati ya magazeti, ubadilishe magazeti kila siku hadi kikauke, uandike tarehe na mahali.

Na tafadhali, ramani ya mahali mti ulipo usiiweke hapa hadharani.

bibi_kitalu
Mwanangu, mbegu hizo zina sumu, watoto wasizichezee. Mimi za jamii hii nakwaruza ganda kwa msasa, mbali na lile jicho jeusi la mbegu, mpaka weupe uchungulie, kisha naloweka usiku kucha. Zilizovimba ndizo napanda. Vijiti navyo huota, ila hapo unaurudia mti uleule mmoja.

mkulima_kilwa
Shikamoo bibi, ahsanteni sana. Nitapanda moja, mbili nazitunza. Mama ameshafunga kanga yake kuukuu kwenye shina, na jirani amekubali kungoja maua.