Kinanda cha Rysum: wakulima walikilipiaje?

Wadau habari zenu. Mi napiga kinanda kanisani na siku hizi nafuatilia sana vinanda vya mabomba vya zamani, sasa kuna kijiji kinaitwa Rysum huko Ostfriesland, Ujerumani, kijiji kidogo tu juu ya tuta la duara walilojaza udongo ili maji ya bahari yasiwafikie, lakini kanisa lao lina kinanda cha tangu miaka ya 1400 na hadi leo kinapigwa ibadani! Hivi wakulima walitoa wapi hela ya kitu kama kile? Na mbona mabomba hayajaoza?

Jibu 1
Hela ilitoka kwa ng'ombe, mkuu. Eggerik Beninga kaandika kwenye historia yake ya Wafrisia, yaani watu wa pwani hiyo, kwamba 1457 watu wa Rysum walimwomba chifu ruhusa ya kuvusha ng'ombe wao walionona ng'ambo ya mto Ems, ili wamlipe fundi Harmannus wa Groningen aliyewatengenezea kinanda. Mi hiyo habari naipenda mno, maana hapo hakuna askofu wala mfalme aliyetoa zawadi, ni wafugaji wenyewe. Ardhi ya kule ni mfinyanzi wenye rutuba, majani tele, na Wafrisia walikuwa wameshazoea kujiamulia mambo ya kanisa lao.

Jibu 2
Naongezea kidogo, 1457 ni mwaka wa hiyo habari ya malipo, wapo wataalamu wanaosema chenyewe ni cha 1440 hivi.
Kuhusu kuoza, mabomba ya zamani yana risasi nyingi (ile metali laini, siyo ya bunduki), na risasi haishiki kutu kama chuma. Adui yake ni unyevu na ile asidi inayotoka kwenye mbao za mwaloni, hiyo inaila taratibu mpaka inakuwa unga mweupe. Halafu kuna vita, 1917 serikali ya Ujerumani ilichukua mabomba ya bati ya mbele kwenye makanisa mengi sana, inauma kwa kweli.
Ila kilichookoa vinanda vya Ostfriesland zaidi ni kukosa hela. Karne ya 19 penye pesa walikuwa wanang'oa cha zamani wanaweka kipya cha kisasa, hawa hawakuweza, wakabaki na chao.

Muuliza swali
Duh asanteni sana, hiyo ya ng'ombe sikuijua kabisa. Kwa hiyo sauti tunayoisikia sasa ni ileile?

Jibu 2
Karibu sana na ileile. Katikati hapo kilibadilishwa badilishwa, mpaka 1959 na 1960 mafundi wa vinanda Jürgen Ahrend na Gerhard Brunzema wakakirudisha kilivyokuwa, na walifanya kwa heshima kubwa. Kina rejista 7 tu, yaani seti za mabomba, kila moja na sauti yake. We kama umezoea kinanda cha umeme sikiliza akodi za C na G, zimetulia mno, ila ukienda kwenye zile zenye flati nyingi utasikia zinakwaruza, ndo walivyotyuni zamani hizo, usidhani kimeharibika.