Naomba ushauri: MacBook Air M1 au laptopu ya gemu yenye RTX 3050 kwa kuhariri video za harusi?

KambaYaRockCity:
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, napiga na kuhariri video za harusi, sendofu na kichenpati. Mwenzangu anatengeneza kadi za mwaliko kwa Photoshop na Illustrator, na mashine tunaitumia kwa zamu. Tuliyonayo ni Intel ya kizazi cha sita, imechoka. Nikipanga klipu za kamera mbili, picha inakwama mpaka nashindwa kukata kwa kufuata mdundo.

Bajeti ni Tsh 2,500,000, haiongezeki. Jamaa wa Kariakoo ana mbili, zote zimeshatumika: MacBook Air yenye chipu ya Apple M1, RAM 8GB na SSD 256GB, na laptopu ya gemu yenye prosesa ya Ryzen 5, kadi ya michoro ya Nvidia RTX 3050, RAM 16GB, SSD 512GB. Nahariri kwa programu ya DaVinci Resolve, toleo la bure. Huku mtaani kila mtu anavutia kwake, naomba waliozitumia zote wanisaidie.

Mtu_wa_Mbezi:
Mkuu, chukua hiyo ya gemu. RAM mara mbili, nafasi mara mbili, na kesho ukipata hela unaifungua unaongeza. Air ikiwa 8GB imekuwa 8GB, imechomelewa ubaoni. Apple wenyewe Oktoba 2024 walipandisha kianzio cha MacBook Air kutoka 8GB hadi 16GB. Wewe unataka kuingia pale walipotoka?

MamaTaimlaini:
Kabla hajachukua chochote: kaka, unapiga kwa kamera gani, na umeiweka irekodi kwa mfumo upi?

KambaYaRockCity:
Dada, nakodi Sony A7 IV. Narekodi XAVC HS 4K, 4:2:2 10-bit, yaani inayohifadhi rangi kwa kina zaidi. Kumbi zetu zina zile taa za zambarau na bluu, nikipiga kwa 8-bit sura ya bibi harusi inakuwa na mabaka nikianza kurekebisha rangi.

MamaTaimlaini:
Basi jibu liko hapo, na linabadilisha hesabu yote.

XAVC HS ni H.265, mfumo wa kubana video. Inabana faili vizuri, lakini kuifungua ni kazi nzito, na ikiwa 4:2:2 10-bit si kila chipu ina sehemu maalumu ya kuifungua. M1 inayo. Prosesa za Intel za kizazi cha 11 na 12 zenye chipu ya michoro ndani yake zinayo. Ryzen 5 hiyo haina, na RTX 3050 nayo haina. Nvidia wameiweka kwenye kadi za mfululizo wa RTX 50, zilizotoka 2025. Kwa hiyo laptopu hiyo ya gemu itafungua klipu zako kwa nguvu za prosesa tupu, na hicho ndicho kinachokukwamisha leo.

Mimi nahariri kwa Air M1 ya 16GB. Klipu za kamera tatu zinacheza pamoja, nakata bila kusubiri. Haina feni, kwa hiyo kwenye kutoa faili refu la mwisho inapata joto na kupunguza kasi. Hilo nalivumilia, maana muda huo nimeshainuka kwenye kiti.

Ila kwenye 8GB nakubaliana na Mtu_wa_Mbezi. Fungua Resolve, mwenzako aache Photoshop wazi, uone inavyoanza kuazima nafasi kwenye SSD. Tafuta M1 ya 16GB hata kama ina 256GB, kazi uzihifadhi kwenye SSD ya nje. Ukiikosa, tafuta Windows yenye Core i5 ya kizazi cha 11 au 12, RAM 16GB. Huko ujue Resolve ya bure ina mipaka kwenye H.265, huenda ukahitaji toleo la kulipia, Studio, dola 295, unalipa mara moja.

Mtu_wa_Mbezi:
Hilo la 4:2:2 sikulifikiria, dada yuko sahihi. Mimi natumia 3ds Max na Lumion, hizo ni za Windows tu, kadi ya Nvidia ndiyo inanilisha. Kazi ya huyu ni nyingine.

Ziwa_Studio:
Ndugu yangu wa Mwanza, ongeza umeme kwenye hesabu. Laptopu ya gemu ukichomoa chaja inapungua nguvu sana, na betri inaisha upesi. Air inafanya kazi kasi ileile kwenye betri, na chaja yake ni ya wati 30. Umeme ukikatika Ijumaa na harusi inatakiwa Jumapili, utajua tofauti.

Na wiki hii, kabla hujanunua, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za klipu zako za kuhariria, ndani ya Resolve uache usiku. Hata hiyo mashine yako ya zamani itakata.

KambaYaRockCity:
Nimewaelewa. Proksi naanza leo usiku. Jamaa nimemwambia anitafutie M1 ya 16GB. Kwenye kukagua niangalie nini?

MamaTaimlaini:
Nenda na klipu yako halisi kwenye flashi, uicheze pale dukani. Angalia mizunguko ya chaji, Apple wameipangia betri hiyo 1,000.

La muhimu zaidi: ifutwe na iwashwe upya mbele yako, ikiwa kwenye intaneti, mpaka ifike mwisho wa kujisajili. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, au ikisema inasimamiwa na kampuni fulani, hiyo haijaachiwa na mwenyewe. Muuzaji akikwambia kuna fundi wa kuifungua, usitoe hela.